Meno Mawili Kwenye Bahasha ya Sadaka

Nyumbani, Kabati,
Kitui.
Jumanne, 11 Machi 2025

Mpendwa Anti Kathini,

Kabla sijakusalimu, niruhusu nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine yeyote, kwa sababu nikianza na salamu nitaogopa na kuliacha. Aliyetia meno mawili kwenye bahasha ya fungu la kumi kanisani kwetu ni mimi. Najua Mama alikusimulia kwenye simu, na najua ulimjibu kwamba mtu huyo ana roho chafu. Ni mimi Mutindi, Anti. Wala sijutii.

Sasa nakusalimu. Hamjambo wewe na Mjomba Kaloki? Baridi ya Kapenguria imepungua? Mwongeli amepona kikohozi? Sisi hapa tu wazima. Ndengu zilifanya vizuri kuliko mwaka jana. Susu na ubibi wake bado anafukuza kuku kwa fimbo na kuwatukana kana kwamba ni wakwe zake. Baba yuko Sultan Hamud dukani kwake, huja mwisho wa mwezi. Mimi nimemaliza shule na ninangoja kuitwa chuo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani ni moja, na Mama husoma kila ujumbe.

Unakumbuka jino la Mama lilianza kumsumbua kabla ya Krismasi. Tulikwenda hospitali ya serikali mara tatu. Mara ya kwanza ganzi ilikuwa imeisha. Mara ya pili kulikuwa na mgomo, tukamkuta askari wa lango peke yake, naye akatushauri tusukutue kwa maji ya chumvi. Mara ya tatu kiti cha daktari kilikuwa kimeharibika. Mama alirudi nyumbani akilia kimyakimya, leso mdomoni. Ndipo ukatutumia pesa na kusema tuachane na serikali, tuende kliniki ya kulipia. Sikulaumu, Anti. Hata mimi nilifurahi.

Kliniki yenyewe ni ya Daktari Mbuvi hapa Kabati. Ni shemasi wetu na mweka hazina wa kanisa, kwa hiyo Mama alimwamini kabla hata hajafungua mdomo. Na kweli palipendeza. Kulikuwa na viti vya kitambaa, maji ya kunywa, msichana wa kukuita kwa jina lako. Daktari alimshika Mama mkono na kumwombea. Mama hakuwahi kuombewa hospitali ya serikali. Huko alikuwa namba arobaini na moja.

Sasa nisikilize vizuri. Usiku uliotangulia nilikuwa nimemmulika Mama kinywani kwa tochi ya simu, nikaliona jino bovu. Ni la chini, la mwisho kabisa, lina tundu jeusi. Pale kliniki Daktari hakupiga picha, hakugonga hata kidogo. Alishika jino la mbele ya hilo akauliza, "Ni hili, Mama Mutindi?" Mama, mdomo wazi na ganzi imeshaingia, akaitika, "Eeh, Daktari." Unamjua dada yako. Mtu mwenye heshima akimuuliza kitu, jibu lake ni ndiyo.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni na mkoba wake. Nililiona koleo likishika jino lisilo na tundu. Nilifungua kinywa niseme. Nilifikiri, wewe ni nani wa kumfundisha daktari kazi? Nikanyamaza, nalo likang'oka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Maumivu hayakuisha. Wiki iliyofuata Daktari akasema ni mzizi umesambaa, akang'oa la juu yake. Wiki ya tatu ndipo akalifikia lenye tundu. Kila mara Mama alimshukuru. Kisha likaanza kumuuma jingine upande wa pili, Daktari akampa siku, Alhamisi tarehe ishirini na saba Februari. Mama wakati huo alikuwa ameshaacha kula isyo. Mahindi na maharagwe yetu anayapondaponda kwa kijiko kama ya mtoto, na wageni wakija anasema ameshiba.

Lakini kuna kitu ambacho Daktari hakukifikiria. Sisi huku mtoto aking'oka jino hulitupa juu ya paa, na mtu mzima hurudi na lake nyumbani. Mama ni mtu wa kanisa na hakuniambia sababu. Alisema tu kwamba kilichotoka mwilini mwake kitalala kwake. Kila mara aliomba jino lake, akafungiwa kwenye pamba, akaja kulitia katika mkebe wa hamira ulio juu ya kabati. Yote matatu yalikuwa mle.

Nikayachukua. Nilimwambia Mama naenda shuleni kuulizia cheti changu, nikaenda hospitali ya serikali. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mzee mmoja kutoka Kyuso aliyevimba shavu alituchekesha sote. Alisema, "Hapa wanakung'oa bila kukuambia pole. Kule kwa kulipia wanakuambia pole, halafu wanakung'oa." Mama mmoja akamjibu, "Mzee, wewe bado uko na ya kung'olewa, shukuru." Hakuna aliyependa kuwa pale, Anti, nakuambia ukweli. Choo kilikuwa kimefungwa na dirisha halina kioo. Lakini kiti kilikuwa kimetengenezwa, na ndani kulikuwa na daktari mama anayeitwa Roselyne, mkali, asiyesalimia.

Niliweka pamba mezani kwake. Aliyageuzageuza yale meno chini ya taa, muda mrefu. Akauliza, "Nani amefanya hii kazi?" Kisha akasema lenye tundu ni moja tu, na hayo mengine mawili yangetafuna mahindi mpaka mwenyewe azeeke. Tena akasema hata hilo moja huenda lingezibwa kama lingewahiwa. Akaniambia nimlete Mama aandike malalamiko kwa mkono wake, kwa sababu bila mgonjwa mwenyewe hawezi kufanya lolote.

Jioni nilimjaribu Mama. Nilimuuliza tu kama ana hakika Daktari aling'oa meno yaliyostahili. Aliniangalia kama nimemtukana mchungaji. "Mutindi, yule ni mtumishi. Shule ndiyo imekufundisha kudharau watu?" Nikajua hataandika malalamiko hata akibaki na ufizi mtupu. Na Alhamisi ilikuwa inakuja.

Kwa hiyo nikaandika mimi. Niliandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa, ili mwandiko usijulikane: HAYA YALIKUWA MAZIMA. NG'OA LINGINE MOJA, NA SISI TUTAYALETA YOTE MADHABAHUNI MCHANA KWEUPE. Niliandika "sisi" ili afikiri tuko wengi. Jina sikuweka, lake wala langu. Nilitia karatasi na yale meno mawili katika bahasha ya fungu la kumi. Jumapili kikapu kilipopita nikaitumbukiza na kuendelea kuimba. Sikukosea hata neno moja la wimbo, mimi ambaye hushindwa kusoma matangazo ya vijana.

Mzee Kiilu alikuwa na Daktari kwenye chumba cha kuhesabia sadaka. Amesimulia soko zima kwamba meno yalipodondoka mezani alidhani ni punje, akauliza, "Nani ametoa mahindi na mvua haijanyesha?" Daktari hakucheka. Alisoma karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni, akaomba maji. Hakuna mwingine aliyeisoma. Ndiyo maana watu wanasema ni uchawi.

Jumanne iliyofuata Daktari alimpigia Mama simu. Alimwambia ile ya Alhamisi tuiache, aende serikali, siku hizi wana vifaa vizuri. Nasikia amewaambia wagonjwa wengine hivyo hivyo. Mlango wa kliniki unafunguliwa saa nne na kufungwa saa sita. Kwa Roselyne Mama alikaa foleni tangu alfajiri, akafokewa kwa kuchelewa kuja, lakini alipigwa picha na jino likazibwa. Jino lake liko kinywani mwake, Anti. Jana amejaribu isyo kwa upande huo, polepole, akamaliza sahani.

Na unajua anamshukuru nani? Daktari Mbuvi! Anasema, "Mwingine angekula pesa zetu, yeye ametutuma serikali." Kila jioni kabla ya chakula anaomba Mungu amfariji mtumishi wake, na ule mkono uliotia uchafu katika sadaka ukauke. Mimi ndiye ninayeshika sufuria kwa mkono huo. Nasema amina, ninapakua.

Jumapili iliyofuata ile yangu, kulikuwa na jino jingine kwenye kikapu. Halikuwa na karatasi. Mzee Kiilu anasema ni gego kubwa. Si la Mama, maana la tatu la Mama bado liko katika mkebe. Kwa hiyo kuna mwingine mle kanisani aliyeelewa, na sijui ni nani. Tangu siku hiyo siko peke yangu.

Najua tulivyofundishwa kuhusu kisasi, kwamba si chetu. Nimemwomba Mungu aniazime hiki kimoja.

Msalimie sana Mjomba Kaloki, na Mwongeli, na Muli mdogo umwambie nimemwekea mbegu za mabuyu. Susu anasema mje Aprili, amewatengea jogoo. Mungu awatie nguvu huko mlimani, awape afya, na meno yenu yote.

Anti, sasa naomba hili. Usimwambie Mama hata kwa fumbo. Ule mkebe nimeutia punje mbili za mahindi ili ukitikiswa ulie kama zamani. Lakini si Mama tu. Usimwambie mtu yeyote yule, wala usimwambie kwamba anayeogopwa ni msichana wa miaka kumi na minane. Mimi hukaa benchi la tatu na kumtazama Daktari. Kikapu kikifika mbele, anaangalia nyuso zetu moja moja, mchungaji, wamama, vijana wa kwaya, wote. Akifika kwangu anapita. Hanioni. Siku atakayojua ni mimi, hofu itamtoka na koleo litarudi kazini. Kwa hiyo ukishasoma, ichome barua hii jikoni, nawe unyamaze pamoja nami. Mara hii nimenyamaza kwa kutaka.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye kwa moyo wote,
Mutindi