Kwa Nini Springi Moja Ni Ndefu, Mjomba?

Nyumba yenye karakana ya mbao,
Nyuma ya soko.
Jumapili, 14 Juni.

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mgodini ulichokuja nacho likizo iliyopita kimekuacha. Je, bado unalala kwenye chumba kile ambacho bati lake linavujia kitandani, au wamekuhamisha? Unakula vizuri? Bibi ameniagiza hilo la kula nikuulize mara mbili, kwa hiyo nauliza tena: unakula vizuri?

Sisi huku hatujambo. Bibi anasumbuliwa na goti asubuhi, lakini ulimi wake hausumbuliwi na kitu. Mdogo wangu Kibogoyo ameota jino moja la mbele na anamwonyesha kila anayeingia, hata wateja wa baba waliokuja kupima kabati. Mimi nasoma kwa bidii kama ulivyoniusia. Mama bado ni mkunga kule zahanati ya mlimani, na safari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Springi na shokapu ulizotutumia zilifika salama. Dereva wa lori la mgodi wenu alizishusha mlangoni zikiwa zimefungwa kwenye magunia, akakataa hata chai kwa kuogopa kuchelewa. Asante sana, mjomba. Mama alizishika moja moja kama anavyoshika watoto wachanga, akasema sasa kidevu chake kitapumzika. Nadhani hukusikia habari ya kidevu. Mwezi uliopita Kifaru, gari letu, aliingia kwenye shimo, springi zake za zamani zikashindwa kumbeba, chuma kikagonga chuma. Mama akajigonga kwenye sanduku la dawa alilokuwa amelipakata. Alirudi amevimba, akampa baba pole badala ya kupewa.

Ile barabara unaijua. Baada ya mvua imebaki mawe na mitaro, na upande mmoja ni korongo. Gari la zahanati limekufa, magurudumu yameng'olewa, kuku wanataga ndani. Kwa hiyo kila Alhamisi baba hufunga karakana na kumpandisha mama kwa Kifaru.

Sasa nikueleze tatizo, na nitajaribu kulieleza kwa mpangilio ili lisikuchanganye.

Fundi wa magari wa mtaani kwetu amehama. Aliyebaki ni yule aliyetufungia taa za nyuma zikawa zinawaka tukipiga honi. Baba akasema nyumba hii ameijenga kwa mikono yake, paa mpaka kizingiti, springi haziwezi kumshinda. Mama akamwambia, "Baba watoto, nyumba haishuki mlima." Baba akacheka, lakini tayari alikuwa amekunja mikono ya shati.

Alipozifungua kwenye magunia, akazipanga juu ya meza ya kazi kama anavyopanga miguu ya viti kabla ya kuunganisha. Za nyuma zilikuwa sawa kabisa. Za mbele, moja ilikuwa ndefu kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Akazigeuza juu chini, akazipima tena, hali ikawa ile ile. Akatikisa kichwa akasema, "Masikini shemeji, wamemchanganyia."

Mimi nilikuwa nimeshika mwisho wa futi ya kupimia, na moyoni nikajiuliza kama kweli wewe, unayeshinda na mashine siku nzima, unaweza kuchanganyiwa springi usione. Lakini sikusema. Baba alikuwa na furaha, na mimi sina ninachokijua kuhusu magari.

Unamjua baba. Akiona meza inacheza, halali. Basi akachukua kipande cha ile mbao ngumu ya vitanda, akakikereza kwenye mashine yake mpaka kikawa pete nene, ya kukaa juu ya ile springi fupi ili zote mbili zilingane. Ilikuwa nzuri, mjomba, siwezi kumnyima sifa yake. Laini, mviringo kamili. Halafu akaipaka vanishi. Kitu kinachokwenda kukaa chini ya gari, kwenye matope!

Jana asubuhi ndipo kazi ilipoanza. Kifaru aliegeshwa kwenye sakafu ya karakana, baba akamnyanyua kwa jeki, akamwekea chini magogo manne, kisha akamtikisa kwa bega kuona kama atayumba. Mimi nilipewa kazi ya kupitisha spana na kuweka nati kwenye sufuria zisipotee. Nati nyingine ziligoma kwa kutu mpaka baba akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote. Kila alipoingia chini ya gari mimi nilikuwa naangalia magogo tu. Bibi aliletewa kiti mlangoni, na akiona miguu miwili tu ya mkwewe imechomoza alikuwa anaita, "Mkwe wangu, unalitengeneza au limeshakufunika? Nijue kama niwaite watu!" Baba anajibu kutoka chini, "Bado nipo, mama." Bibi anasema, "Basi tikisa mguu." Na baba, kwa heshima, anatikisa mguu.

Tulicheka, lakini mimi nilicheka nusu.

Aliteremsha ekseli kidogo kidogo mpaka springi ya zamani ikalegea na kutoka yenyewe. Mpya zikaingia, na shokapu zake. Springi ndefu ilikwenda upande wa abiria. Ile fupi ilikwenda upande wa usukani, na pete ya mbao juu yake. Tulipomshusha, Kifaru alikuwa amenyanyuka kama aliyekatwa nywele na kununuliwa viatu. Kibogoyo akapiga makofi. Ila baba alipoweka pima maji lake juu ya boneti, kile kitone cha hewa kilikimbilia upande mmoja. Gari lilikuwa limelalia upande wa usukani. Baba akazunguka mara kadhaa akisema, "Lakini ziko sawa. Nimezilinganisha mwenyewe."

Mama alitaka waingie wakajaribu. Namshukuru Mungu kwamba baba alikataa. Alisema atapakia mifuko ya mchanga kwanza, yenye uzito wa mama na masanduku yake. Mama akauliza mifuko mingapi, na baba alipotaja, alimwangalia kwa jicho kali hata Bibi akageukia ukutani.

Akaondoka peke yake na mchanga wake. Nyuma ya karakana kuna mtaro wa maji ya mvua, si mkubwa, hata Kibogoyo anauruka. Baba akaupitia taratibu. Nikasikia mlio mmoja mkavu, kama ubao ukipasuliwa kwa shoka. Kifaru akainama upande wa usukani, akasimama hivyo hivyo.

Pete ilikuwa imegawanyika. Kipande kimoja kilianguka mtaroni, kingine kilibaki kimebanwa, na springi ilikuwa imekaa upande, haiko mahali pake. Baba hakuumia. Alishuka, akaokota kile kipande, akakaa juu ya ukingo wa mtaro akikitazama. Mimi nilikuwa naufikiria mtaro ule, kisha nikafikiria korongo, na mama amekaa pembeni na sanduku lake. Nikainama, nikajifanya nakusanya spana.

Jioni mama alisema kwa upole kwamba Alhamisi atapanda kwa pikipiki. Huko juu kuna mama mmoja ambaye uzazi wake wa mwisho ulikuwa mgumu sana, na siku zake zimewadia. Mama alimwahidi kwamba atakuwepo. Baba akasema pikipiki kwenye mawe yale, tena na masanduku, haiwezekani. Mama akasema, "Basi nibebe mgongoni." Alisema kama mzaha lakini hakucheka. Ujumbe nimeupata, mjomba: Alhamisi mama atakwenda, kwa gari au bila gari. Tangu hapo sijatulia. Gari linanitisha, pikipiki inanitisha zaidi. Wakati wa mvua zile mwendesha pikipiki aliyembeba muuguzi mwenzake mama aliteleza, na yule muuguzi hadi leo anachechemea.

Leo asubuhi baba alikuwa karakana kabla yetu. Alikuwa amelinyanyua gari kwa jeki, ameitoa ile mbao na kulishusha tena, springi zote mbili zimekaa tupu, na pima maji liko juu ya boneti. Akaniita. Akaketi kwenye usukani, akaniambia nimsomee kitone kiko wapi. Nikamsomea. Akashuka, nikamsomea tena. Akapanda. Kila alipoketi kitone kilisogea. Kisha akaniuliza, "Tangi la mafuta liko upande gani?" Nikainama kutazama. Liko upande wa usukani. Akauliza betri. Upande wa usukani. Na usukani wenyewe, na yeye mwenyewe dereva. Nikamwona anajipapasa tumbo.

Akasema taratibu, kama anaongea na gari, "Huenda hawakumchanganyia. Ndefu ni ya kubeba upande mzito."

Tukazibadilisha. Ndefu sasa iko upande wa dereva, fupi upande wa abiria, hakuna mbao. Gari likiwa tupu limeinukia kidogo upande wa dereva. Baba akiketi, kitone kinarudi katikati, kinasimama pale. Tumepakia mchanga wote tena na kuvuka mtaro ule ule, kwenda na kurudi, mpaka majirani wakauliza kama tumepoteza kitu. Hakuna kilicholia.

Mimi nilidhani basi, yamekwisha, nikataka kukimbia kumwambia mama. Baba akanizuia. Akasema, "Jana nilikisia nikawa na uhakika. Leo nimekisia tena, na uhakika ninao vile vile. Sasa huo uhakika una faida gani?" Akasema hatampandisha mama mlimani kwa kukisia. Mtu anayejua ni mmoja, ndiye wewe, na simu yako haishiki. Tangu jana nimepiga kwa simu ya mama mpaka nimemchoka yule dada anayesema mteja hapatikani.

Kwa hiyo hivi ndivyo mambo yalivyo. Dereva wa lori lenu anaondoka kesho alfajiri, na ameahidi kukupa barua hii mkononi, si kuiacha ofisini. Atarudi huku Jumatano jioni. Tafadhali, mjomba, hata kama umechoka, hata kama uko zamu, tuandikie jibu kwenye karatasi yoyote umpe. Au mwambie kwa mdomo na umfanye arudie mbele yako. Kama tumekosea, sema tumekosea. Baba hatakasirika. Mimi pia naomba uniambie kama kuna jambo jingine la kuangalia ambalo hatukulijua, maana nimeanza kuota nati usiku, na katika ndoto haziishi.

Sitaki ufikirie kwamba baba amefanya kazi mbaya. Nilikuwa naye muda wote. Kila nati aliikaza, akaipaka alama ya chokaa, akarudi kuikaza tena. Mikono yake imechubuka kote. Mimi nina matumaini. Ila matumaini yangu hayajui lolote kuhusu springi, na ndiyo maana nakusumbua.

Bibi anakusalimu na anakuombea, anasema ukija uje na soksi zake ulizoondoka nazo. Mama anakusalimu sana. Hajui nimekuandikia mengi hivi, anadhani ni barua ya shukrani tu. Kibogoyo anakusalimu yeye na jino lake. Nisalimie rafiki yako mpishi, na yule mzee wa stoo aliyekusaidia kuzipata springi. Mungu akuzungushie ulinzi wake ukiwa chini ya ardhi na ukiwa juu, na akurudishe kwetu na viungo vyako vyote.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukungoja,

Bi Maswali.

N.B. Baba ameingia nikiwa natafuta bahasha. Ameisoma barua yote akiwa amesimama, kisha akaomba kalamu. Mwandiko huu wa chini ni wake.

Shemeji, salaam. Mtoto ameeleza kila kitu na hakuongeza chumvi. Nilidhani umekosea, kumbe nilitakiwa nikuulize kwanza. Nakuuliza sasa: ndefu ikae upande wa dereva, ndiyo au hapana? Anayepanda humo ni dada yako.