Cherehani ya Daktari

Chumba cha mbele,
Nyumbani kwa wazazi,
Jumatatu asubuhi, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Mama Pacha,

Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuishinda redio. Naandika kwa mkono kama nilivyozoea, kisha nitaipiga picha barua hii nikutumie kwa simu, maana posta leo haitafaa.

Kosa la watu wengi wakisikia mtu anatibiwa ubongo kwa mashine ni kudhani ameunganishwa na umeme wa ukutani kama pasi. Nawe umelifanya. Jumatano jioni ulimwambia kitindamimba wetu kwa simu, "Usikubali wakuchome kichwa," naye tangu hapo hajaenda tena kwenye matibabu. Sikulaumu. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni mama alipokuwa kazini. Neno lako kwake ni sheria. Langu ni hotuba tu.

Basi nivumilie nihutubie kidogo. Unaikumbuka dinamo ya baiskeli ya baba? Sumaku ilizunguka karibu na waya, taa ikawaka, ingawa sumaku haikuugusa waya ule hata kidogo. Ndivyo ilivyo hapa. Daktari wa magonjwa ya akili ana waya uliozungushwa umbo la namba nane, ndani ya plastiki. Anauweka juu ya kichwa, bila kunyoa wala kuchoma. Umeme ukipita humo waya huwa sumaku, nayo huamsha mkondo mdogo mno katika sehemu ya ubongo iliyozubaishwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha. Mgonjwa yu macho, ameketi kwenye kiti kama cha kinyozi, vizibo masikioni.

Laiti ungekuwepo siku ya kwanza! Ili kujua nguvu inayomfaa, daktari aliusogeza ule waya polepole, na ghafla kidole gumba cha mdogo wetu, fundi cherehani, kikaruka chenyewe. Kilekile cha kushikia mkasi! Nilisimama nikapiga makofi.

"Mwalimu, kaa chini," daktari akaniambia. "Leo wewe ni mwanafunzi."

Utafiti wake ni kujua sumaku ielekezwe wapi kwa mgonjwa yupi, maana wengine hupona, wengine hupata nafuu, na wengine hawapati kitu. Haahidi muujiza. Kichwa huweza kuuma kidogo. Kwa nadra sana mtu hupatwa na kifafa, ndiyo sababu alimchunguza mdogo wetu kwanza. Na dawa zake hajaziacha.

Sasa sikiliza. Unajua kwamba kwa miezi minane cherehani yake imefunikwa shuka, naye amelala akitazama ukuta. Siku ya kumi, mashine ikilia ta-ta-ta-ta, akafumbua kinywa: "Daktari, cherehani yako hii inaruka mishono. Itie mafuta."

Daktari alicheka mpaka akaizima. Mimi nilijifanya natafuta miwani, nayo ninayo usoni.

Njiani akaitazama suruali yangu. "Kaka, huyu aliyekukunjia pindo, mmegombana?"

Nikamwambia nimekunja mwenyewe.

"Basi patana naye."

Tulipofika nyumbani aliondoa lile shuka. Hakushona, lakini aliliondoa, akalikunja vizuri, akaliweka kabatini. Juzi Jumamosi nimekuta cherehani imefunikwa tena.

Matibabu ni siku ishirini za kazi, mfululizo. Amemaliza kumi na tatu na kukosa mbili. Akikosa na leo atatolewa kwenye utafiti, na nafasi yake itakwenda kwa mwingine anayesubiri. Zamu yake ni saa tisa alasiri. Nimembembeleza tangu alfajiri, ananijibu, "Dada amekataa."

Msalimie shemeji, mapacha, na shangazi mwenye kicheko cha tarumbeta. Mungu awape usingizi mwororo na asubuhi nyepesi, nanyi mtuombee vivyo hivyo.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, pamoja na pindo langu la aibu,

Mwalimu

Tena: usihangaike kunijibu mimi. Mpigie yeye sasa hivi, umwambie, "Nenda."