Laini ya Famau

Jumatano, 8 Januari
Simu kumi na moja za watu nimezichaji leo. Jua kali, paneli imefanya kazi yake, betri imejaa kabla ya adhuhuri. Bi Shali kaleta tena ile simu iliyovimba betri. Nimemwambia itamlipukia. Kanuna. Shauri yake.

Athman kapiga kutoka Ulaya. Kesi yake tarehe 21. Watu wa uhamiaji wanashikilia kwamba mwanangu si Mbajuni wa Chula, kisiwa chetu hiki cha Somalia, ni Mkenya anayejisingizia. Kisa, anaongea Kimombasa. Aongee nini? Tulipokimbia vita nilikuwa namnyonyesha. Meno kayaotea kambini Mombasa. Kambi ilipofungwa mimi nikarudishwa huku, yeye nikamwacha kwa dada yangu asome. Sasa kusoma kumekuwa kosa.

Wakili wake anataka video. Mimi nimesimama Chula, msikiti uonekane, na wazee waseme huyu ni mtoto wa nani. Hilo tu. Jambo dogo.

Ijumaa, 10 Januari
Baada ya sala wenye bunduki wanaotutawala wamesoma amri kutoka Kismayo, kwa kipaza sauti. Intaneti ya simu ni haramu, inaingiza majasusi. Makampuni yamepewa siku kumi na tano wazime. Simu zenye kamera zipelekwe kwao.

Yangu ina kamera. Siipeleki. Siku kumi na tano zinanitosha.

Jumatatu, 13 Januari
Nimerekodi. Mzee Bwanaheri, aliyemwadhinia Athman sikioni siku aliyozaliwa, alianza kulia badala ya kusema. Tukarudia. Mara ya pili alisema vizuri, kwa Kibajuni chetu: "Huyu ni mchu wechu." Dakika nne zote. Nilivaa leso mpya, mtu asidhani Athman hana mama wa maana.

Kesho naituma asubuhi, mtandao ukiwa mwepesi.

Jumanne, 14 Januari
Mtandao haupo.

Siku nne, si kumi na tano. Kampuni imeogopa, imezima mapema. Kupiga unapiga, kutuma hutumi. Kwa nini sikutuma jana? Nimetukana peke yangu jikoni, matusi ambayo sikujua kama nayajua. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 16 Januari
Wamepekua upande wa pili wa kijiji. Jirani yangu Omari wamemkuta na simu ya kamera. Wamempeleka Kismayo, amefungwa mikono, mkewe anawafuata mpaka majini. Yangu imo ndani ya gunia la mchele.

Nilishukuru hawakuanzia kwangu. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Zimebaki siku tano.

Jumamosi, 18 Januari
Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya. Nimekuja na boti ya wachuuzi wa ng'onda, samaki wa kukaushwa, simu nimeifunga pajani chini ya buibui. Njiani, kisiwa cha Chovae, wenye bunduki walitusimamisha. Walipekua vikapu vyote, wanaume wakawatia mikono mifukoni. Sisi wanawake hawakutugusa.

Hapa mtandao wa Kenya unashika. Nina laini ya huko aliyoniachia dada yangu. Nimeitia. Imekufa. Muuza duka kaniambia, serikali ya Kenya imetoa sheria, laini isiyosajiliwa kwa kitambulisho inafungwa. Wanasema ni kwa ajili ya usalama.

Kitambulisho nikitoe wapi? Karatasi ya kambi waliichukua walipotupakia kuturudisha. Huku wanazima kwa jina la dini, kule wanafunga kwa jina la usalama, na wote wamenikuta mimi. Nimechoka. Nimechoka kwelikweli.

Jumapili, 19 Januari
Alhamdulillahi. Famau.

Famau ni mtoto wa kiume wa khalati yangu, dada wa mama, anakaa Kiunga, ng'ambo ya mpaka. Mama zetu wamelala kitanda kimoja, ila yeye kazaliwa kule, ana kitambulisho cha Kenya. Jana nilimpigia kwa simu ya muuza duka. Leo kafika na laini mpya, kaisajili kwa jina lake. Kaniambia tumia, ya nani na ya nani ni mambo ya wenye ofisi.

Tulipanda kilima cha mchanga nyuma ya nyumba za mwisho. Video ilichukua saa nzima. Ilipoonyesha alama mbili nililia mbele za watu. Famau alinicheka, kisha naye akafuta macho akisingizia upepo.

Athman kajibu. Kaipata. Kampa wakili.

Jumatano, 22 Januari
Chula. Kesi ilikuwa jana. Uamuzi baadaye. Simu tatu tu za kuchajiwa, zote za tochi. Omari hajarudi.

Jumanne, 11 Februari
Athman kapiga.

"Mama, wanasema laini ni ya Mkenya."

Kesi kashindwa. Namba iliyotuma video ni ya Kenya. Wametafuta mwenyewe, wamepata Famau, raia. Basi mama yake yuko Kenya, wazee ni wa Kenya, msikiti ni wa Kenya. Walikuwa wakitafuta ushahidi kwamba ni Mkenya. Nimewapelekea mimi.

Nimemponza mwanangu. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua.

Jumamosi, 15 Februari
Sili. Wakili anasema rufaa itakataliwa, hakuna kipya cha kuonyesha. Bi Shali kaja kuniambia ni kadari. Nimemwambia aende nayo kwake.

Jumatatu, 3 Machi
Rufaa imekataliwa. Watampandisha ndege kumpeleka Nairobi. Hana mtu Nairobi. Hana karatasi hata moja ya Kenya. Nimemwambia kila anayekuja kuchaji simu, kama kichaa.

Jumapili, 23 Machi
Famau kapiga, kwa laini ya kawaida. Yuko Nairobi siku ya tano. Kamwona Athman, kakonda, mzima. Wamemzuia uwanja wa ndege. Kenya nayo inasema si wao. Ulaya hawamtaki tena. Kumleta huku ni kumtia mikononi mwa wenye bunduki.

Iko njia moja. Famau aape kwamba Athman ni mwanawe, hakuandikishwa alipozaliwa. Yeye baba, mkewe mama. Akishaandikwa hivyo hafutiki. Mimi sitakuwamo popote.

Famau hakulisema kwa urahisi. Nilisikia watu wakipita nyuma yake. Nikamwambia, "Andika."

Mkewe ni mtu mwema. Nimeuliza jina lake kamili: Mwanaesha Bwana Kombo. Nimeliandika hapa nisilisahau. Nikiulizwa mama yake Athman ni nani, hilo ndilo la kusema.