Siku Uliyogawa Sambaza Zote

Mpendwa wifi Rehema,

Simu ya kaka Bahati imeingia asubuhi hii, na nyumba nzima ni shangwe! Msichana! Wewe uko Tanga kwa mama yako mzazi, lakini hapa Mabanga, ng'ambo ya mpaka, tunapiga vigelegele kana kwamba umezalia chumba cha pili.

Nimekumbuka siku yako ya kwanza kwetu. Wazee wa familia walikuwa njiani kuja kukutazama, na Baba Mdogo alishasema wazi kwamba afadhali Bahati angeoa msichana wa hapa karibu, si wa mbali. Mama alikuwa amekaanga sinia zima la samaki wadogo wa ziwa. Ukamuuliza kwa adabu yako ile ya Kitanga:

"Mama, hizi ni nini?"

"Sambaza."

"Zote?"

"Eeh, zote."

Mama alikutajia jina la samaki. Wewe ukasikia amri. Ukabeba sinia, ukapita mlango kwa mlango ukiwagawia majirani, hata Mama Furaha, ambaye hakuwa akisalimiana na Mama tangu ugomvi wao wa bomba la maji. Uliporudi na sinia tupu ukitabasamu, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka.

Wazee wakafika. Baba Mdogo akautazama bugali, ule ugali wetu, ukiwa mtupu.

"Mboga iko wapi?"

Ukakimbilia uani kutafuta majani! Kwetu mboga ni chochote cha kulia bugali, hata nyama, lakini nani alikuwa amekueleza? Nilikukuta huko machozi yakikulengalenga.

Ndipo tukasikia hodi. Majirani! Huyu na sombe, kile mnachokiita kisamvu, yule na maharagi, mwingine na ndizi za kupika. Nyuma yao akaja Mama Furaha na sufuria ya kuku.

"Sikujua kama bado unanikumbuka," akamwambia Mama.

Wakakumbatiana palepale mlangoni, na Baba Mdogo akala mpaka akalegeza mkanda.

Wifi, mlete mtoto upesi! Nina hamu ya kumbeba, hata kukaa siwezi. Na ungemwona Mama leo! Amevaa kitenge cha kanisani siku ya kazi, amesimama barabarani, kila anayepita anamwambia: "Mutoto yangu amezala!"

Jirani mmoja akamuuliza, "Muke ya Bahati?"

"Nimesema mutoto yangu," Mama akajibu.

Mbusu huyo mdogo kwa niaba yetu sote,
Wifi yako wa Mabanga