Kalunde, Bado Unathibitisha Vituo

Kalunde,

Mnyamwezi wangu, nianze na jambo litakalokuudhi: bado uko kazini. Tumekuzika kwenu Bukene, udongo nimeutupia kwa mkono wangu huu, padri amemaliza sala zake, watu wamekula wakanawa wakaondoka. Lakini jana asubuhi nilipofungua kanzidata ya shirika nimekukuta tena unafanya kazi. Chini ya vituo vya hali ya hewa vya kanda yetu yameandikwa majina yako yote matatu, na mbele yake neno moja: amethibitisha. Tarehe ni ya juma lililopita.

Sikuandikii kwa ajili ya kulia. Kulia nimelia, tena vibaya, mpaka mama yako akawa ananibembeleza mimi badala ya mimi kumbembeleza yeye. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na hasira zangu za ofisini nilizoea kukuletea wewe wakati wa chai. Ulikuwa unanisikiliza huku unatafuna matobolwa yako, viazi vikavu vile vya kuvunja meno, kisha unaniambia, "Mzaramo, wewe hasira zako zinataka ngoma tu, zipigiwe zicheze zikalale." Nacheka, inaisha. Sasa nimekosa wa kunichekesha na hasira haijaisha.

Unakumbuka tulivyoianza kazi ile. Shirika la kimataifa la hali ya hewa liliamua kila nchi mwanachama iwe na ukurasa wake katika kanzidata moja ya wote: vituo vyake viko wapi, kipi kinapima nini, kipi kizima, kipi kimekufa, na nani aulizwe. Nchi zionane, na penye upungufu pajulikane pasaidiwe. Kila sehemu ipewe msimamizi mmoja, jina lake lisomwe na dunia nzima. Hilo la jina ndilo lililokufurahisha. Ulisema angalau ipo kazi moja ambayo mtu hawezi kujificha nyuma ya neno "ofisi". Wakakupa wewe kanda ya magharibi, na mimi nikawa msaidizi wako.

Wenzetu wa kanda nyingine walijaza sehemu zao wakiwa wamekaa kwenye viti. Wewe ukasema hapana, kituo hakithibitishwi kwa simu. Ukanipandisha treni, ukanipandisha pikipiki, ukanitembeza kwenye mchanga wa Igalula viatu vyangu vikafa. Kila nikilalamika unanikumbusha kwamba babu zako walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka kwetu pwani, na babu zangu wakawa wanawangoja barabarani wawatanie tu. Nikakujibu kwamba ndiyo maana nyinyi mna vichwa bapa. Yule dereva wa pikipiki alidhani tunagombana kweli, akaomba tushuke tuyamalize.

Halafu kile kijiji mbele ya Tura. Kituo cha kujiendesha, kile kilichozinduliwa kwa hotuba na utepe, tukakuta paneli ya jua haipo, nyaya zimekatwa, na ndani ya kibanda cha vipimajoto kuku ametaga. Mlinzi wa pale hata aibu hakuona. Akatuambia, "Nyie dada zangu, tangu waje wale wa kukata utepe, nyie ndio wageni wa kwanza." Wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaacha kucheka, ukatoa simu, ukapiga picha, na siku hiyohiyo ukakiweka kituo kile kwenye kijivu. Kijani kwa kinachofanya kazi, kijivu kwa kilicho kimya. Tulipomaliza mzunguko wetu ramani ya kanda ilikuwa na kijivu kingi kuliko kijani.

Mkuu wetu wa kanda akatuita. Sitamtaja jina hapa, wewe unamjua na mimi namjua. Akauliza, "Hii ni ripoti au ni matangazo ya msiba? Mnataka dunia ituoneje?" Mimi nilinyamaza, naogopa uhamisho kama kawaida yangu. Wewe ukamjibu kwa upole wote, "Mkuu, kwani tuna aibu gani? Kilichokufa ni kifaa, siyo sisi."

Haya. Sasa umekufa wewe, na vifaa vyote vimefufuka.

Maana hivyo ndivyo ilivyo, Kalunde. Wiki chache baada ya mazishi kanda nzima iligeuka kijani. Kituo cha kuku kinasomeka kizima. Kipima mvua cha Igalula ambacho tulikikuta kimepasuka, kizima. Na aliyethibitisha yote hayo ni marehemu. Nilijua mara moja imekuwaje, na hapo ndipo nilipokukasirikia na wewe. Ulipolazwa kwa ajili ya figo ulimpa mkuu neno lako la siri la kuingilia kanzidata, ati kazi isisimame. Umelala na dripu mkononi, unahangaikia kazi isisimame! Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi nikakusikia ukimsomea herufi moja moja kwenye simu. Ungeniachia mimi. Najua kwa nini hukuniachia: ulijua mimi ni mwoga, akinikoromea nitaandika anachotaka. Umenipatia kabisa, na bado inaniuma.

Angeweza kukutoa akaweka jina lake. Hakufanya hivyo, kwa sababu siku wakija kuuliza, wataulizwa walio hai. Jina lako halina wa kuulizwa. Ndiyo maana analitunza.

Na usidhani ni rangi tu kwenye kioo. Shirika lilileta mafundi na vifaa vipya kwa wanachama wenye kijivu. Wakaenda kwa nchi jirani zilizosema ukweli. Sisi tukaonekana matajiri, wakatupita. Kwenye kikao mkuu akasimama akasema kanda yetu imekuwa ya mfano, na watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga pia kwa kuwa mkono ulishazoea. Msimu huu mvua ilidondoka mapema ikadanganya, ikakatika. Utabiri wa upande ule ulitengenezwa kwa kubahatisha, hakuna kipimo hata kimoja kinacholeta taarifa. Watu walipanda. Mahindi yakachomoza, yakasimama hivyohivyo, yakageuka manjano. Mpunga wa mama yako umeungua wote, Kalunde. Hakutaka nikuambie, kana kwamba barua hii itakufikia.

Sasa nikueleze ujinga wangu wa arobaini.

Siku ya misa yako ya arobaini nilikuja Bukene kama mtani, na nikaamua kutumia haki yangu ya mtani. Si unajua sisi kwenye msiba wenu tunaruhusiwa chochote, tuwatukane, tuzuie chakula, na hakuna wa kununa. Nikavaa sweta lako la kijivu la ofisini, nikatembea ule mwendo wako wa haraka-haraka wa kuinamia mbele, watu wakaanza kuanguka kwa vicheko kabla sijafungua mdomo. Nikaenda moja kwa moja alipokaa mkuu, maana naye alikuja. Nikamwambia kwa sauti yako, "Mkuu, shikamoo. Mbona hunipumzishi? Nimekufa, na bado unanithibitishia vituo. Hivi posho ya kaburini analipwa nani?"

Nilidhani watu watanyamaza. Nilidhani atatafuta mlango. Kalunde, walicheka. Walicheka mpaka machozi, na aliyecheka kuliko wote ni yeye. Akainuka, akanitunza noti mbele za watu kama mtani anavyotunzwa, akasema, "Huyu Mzaramo ni balaa!" Na mimi nikaipokea, kwa sababu mtani haikatai. Nikarudi kukaa nimevaa sweta lako, nimeshika hela yake. Nilifikiri utani utanipa mdomo wa kusema ukweli. Kumbe ukishausema kwa utani umeshamsamehe, kila mtu pale alijua hivyo isipokuwa mimi. Laiti ningesema nikiwa nimevaa nguo zangu mwenyewe.

Baada ya hapo nikawaandikia shirika. Niliandika bila utani hata chembe: msimamizi wenu wa kanda hii amefariki na jina lake linatumiwa. Wakanijibu kwa adabu kubwa, wakanipa pole, wakasema msimamizi huondolewa kwa ombi lake mwenyewe au kwa cheti cha kifo. Ombi lako mwenyewe nikaliacha. Cheti nilijua kiko kwa mama.

Nikarudi Bukene juzi. Nimemkuta mama anapepeta, amekonda. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, mtani wa mwanangu." Akanipeleka ndani anionyeshe kitu. Jirani yake mmoja, mwalimu, alimfungulia ule ukurasa wa shirika kwenye simu, kisha akamchapishia. Ameubandika ukutani chini ya picha yako ya mahafali. Jina lako amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Akaniambia, "Dunia nzima inajua bado yupo. Wengine watoto wao wakifa hata mtaani hawatajwi."

Utaelewa nilivyojisikia. Nilikuja kumwomba mama aliyekuzaa anisaidie kukuondoa mahali pekee ambapo bado unahesabiwa kuwa hai. Nilikunywa chai yake, nikamsifia nyumba, nikazungumzia safari, nikatamani kuaga. Mwoga ni mwoga. Kisha akaanza mwenyewe habari za mpunga, kwamba redio ilisema mvua itaendelea, na yeye aliamini kwa sababu vipimo vya upande huu anavisimamia binti yake.

Hapo sikuweza tena. Nikamweleza yote, polepole, kwa Kiswahili chepesi: kijani maana yake nini, kijivu maana yake nini, kuku, neno la siri, mkuu. Mama alisikiliza hakunikatiza. Alipokuja kusema aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo mwanangu anadanganya watu kila siku, na yeye hana habari?"

Nikamwambia ndiyo, mama.

Nilisikia treni ikipita, ikapita yote, ikaisha. Kisha mama akasimama, akabandua ile karatasi ukutani taratibu asiichane, akaikunja. Akaingia chumbani akatoka na cheti kwenye bahasha ya kaki. Akasema, "Kalunde akiwa mdogo baba yake aliuliza nani kavunja chungu, mimi namnong'oneza sema si wewe, yaishe. Akasema, 'Nilivunja mimi.' Alichapwa kwa sababu hiyo. Leo amefika huko alikofika, wamfanye mwongo?" Akanipa bahasha. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Nimeshakipiga picha cheti chako. Nimeandika ombi, nimelisaini kwa jina langu, na nimeomba sehemu ya vituo vyetu niichukue mimi. Nalituma kesho asubuhi, na mkuu atajua kabla ya saa sita. Uhamisho utakuja, pengine niende ambako hata utani wangu hawautaki. Naogopa, sitakudanganya. Lakini nimeogopa kwa miaka mingi na sijaona faida yoyote.

Nilitaka kukuambia pia kwamba bado nakunywa chai palepale dirishani, na kiti chako wamempa dada mmoja kutoka Dodoma, mzuri tu, hana kosa. Matobolwa mama alinifungia nije nayo. Ni magumu kama mawe, Mnyamwezi, na nayala yote.

Pumzika sasa. Umefanya kazi ukiwa mgonjwa, umefanyishwa kazi ukiwa maiti, inatosha. Kwaheri, Kalunde. Kesho asubuhi ofisi ikifunguliwa, kabla sijavua hata mkoba begani, nakufuta. Nakuahidi, nitakufuta majina yote matatu, lisibaki hata moja.

Mtani wako,
Mwanahawa