Antena Haikatwi

Jumatatu, 3 Novemba

Gari limekataa tena. Nimegeuza ufunguo mara tatu. Tik, tik, kisha kimya. Betri imekufa, na jana jioni niliiacha imejaa. Mara ya nne hii.

Nimeenda dukani kwa miguu. Sare za kina mama wa kanisa zinanisubiri, zote za rapar, kumbukumbu ya Odera. Mume wangu anatimiza mwaka mmoja kaburini tarehe kumi na tano. Tutakutana nyumbani kwao, karibu na Rodi Kopany, kumkumbuka, kula na kugombana. Na cha kugombania nakijua.

Saa nne shemeji Okumu akapiga simu. Ndiye mdogo wake Odera. Ameuliza habari za watoto vizuri tu, kisha akasema atatuma lori lije Migori likokote gari hadi nyumbani, kwa kuwa limeshakufa, na mali ya marehemu hugawiwa na wanaume wa boma. Tena kiti cha dereva ni kama kigoda cha mwenye nyumba. Mke hakikalii. Nisije nikajiletea chira, laana ya kuvunja mwiko.

Nimemwambia kigoda hicho nilikikalia mwaka mzima nikimpeleka ndugu yake kliniki, na chira hainijui. Akakata simu. Nilikasirika hadi nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Nimefumua.

Jumanne, 4 Novemba

Okumu alimpigia mama yake pia. Leo mama mkwe amenipigia mwenyewe. Yule mzee hapotezi maneno. Ameniita binti wa Karungu, kama kawaida yake: "Nyar Karungu, sikiza. Likikuja kwa miguu yake, litarudi na mwenye amelileta. Likikuja na kamba, libaki hapa."

Basi. Nina siku kumi na moja.

Bila gari mimi ni nani? Kabla ya msiba nilikuwa napeleka sare Awendo, napeleka Karungu kwetu, mizigo mitatu kwa siku. Odera alinifundisha kuendesha katikati ya malori ya miwa, na niliogopa siku mbili tu. Sitalia mbele ya Okumu. Na lori lake halitaingia kwangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemleta Ouma, fundi wa umeme wa magari. Kijana mzuri, mvivu wa kufikiri. Kwanza akalaumu betri. Akaichaji, akapima, ni nzima; gari likawaka. Akalaumu jenereta. Nzima pia. Akakaa chini akachezea simu.

Nikazima gari, nikanyamaza. Ndipo nikasikia. Kule nyuma, ndani ya buti, kitu kinanguruma kidogo kidogo, kama cherehani iliyokatika mkanda huku mtu bado anakanyaga. Antena.

Antena ya gari hili ni ya umeme. Ukifungua redio inapanda yenyewe, ukizima inashuka. Tangu siku ya mazishi imekwama nusu, wala haipandi wala haishuki. Mimi nilijua imekufa. Kumbe mota yake iko hai, inavuta na kuvuta, haijui kuacha, na usiku kucha inakula betri. Mwaka mzima wa matanga sikuligusa gari, betri ilikuwa imefunguliwa. Mwezi uliopita tu ndipo nilipoiunganisha. Ndiyo maana.

Nimejivunia sana. Fundi ana mashine ya kupimia, mimi nina masikio.

Ouma akasema, "Mathe, si tukate tu hiyo waya? Dakika moja. Gari itawaka mpaka Kisumu."

Nikamwambia hapana.

Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Labda nimechanganyikiwa. Lakini Odera kila alipofika kwao alisimama langoni, akafungua redio, na antena ikapanda taratibu. Mama yake alitoka jikoni, akaitazama mpaka ifike mwisho, ndipo akasalimia. Hakusalimia kabla. Ilikuwa hodi yao wawili. Nikienda na waya zilizokatwa, Okumu atasema tazama, ameanza kulichinja. Hatapata neno hilo kutoka kwangu.

Na aliyeivunja namjua. Siku ile ya mazishi Okumu ndiye aliyeliendesha kutoka mochari ya Homa Bay. Nilimwambia wiki ile ile, mbele ya watu wote, kwamba mikono yake ni ya kukamua ng'ombe, si ya kushika gari la mtu. Hakujibu. Asiyejibu ana kosa.

Ijumaa, 7 Novemba

Jana mchana nilimaliza maduka yote ya spea ya Migori. Wamecheka. Mmoja ameniuliza kama nataka pia spea ya mkokoteni.

Leo Homa Bay. Bwana Yusuf ana duka nyuma ya soko, alikuja huku kutoka pwani akiwa kijana, na kila kitu kikuukuu hukihifadhi. Nimemweleza. Hakucheka. Amepanda ngazi, ameshuka na vumbi kichwani na boksi refu. Ndani, fimbo mpya ya antena pamoja na kamba yake ya plastiki, ile yenye meno upande mmoja. Lakini ni ya gari jingine. Kamba imezidi shubiri nzima.

"Kirefu hukatwa, mama," akasema. "Kifupi ndicho msiba."

Hayo ni maneno ya fundi cherehani. Nimempenda pale pale. Amenionya nisikate kabla ya kujaribu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimetoka kanisani, namkuta Okumu uani. Amekuja na mwenye lori kuangalia njia ya kuingilia. Hakupiga simu kwanza.

Nimewapa chai. Heshima ni heshima. Kisha nikasimama mbele ya gari mpaka wakamaliza kupima geti kwa hatua.

Okumu akazunguka nyuma, akashika antena, akaitikisa kidogo. Akasema ilivunjika siku ile.

Nikasema, "Na mwenye aliivunja unamjua, shemeji."

Nilidhani angepayuka. Akaweka kikombe juu ya ukuta, polepole, akaondoka na mtu wake. Nimeshinda. Mbona basi sina raha? Chakula kimenishinda.

Jumanne, 11 Novemba

Sijui niandikeje.

Ouma alikuja asubuhi. Tumevua kitambaa cha ndani ya buti, tumefungua nati ya juu na boliti mbili za chini, tumetoa mtambo wote. Ouma akaingia mbele, akafungua redio. Mota ikatema kamba ya zamani, nusu. Nusu nyingine imebaki ndani.

Tukafungua kifuniko cha mota. Meno ya kamba yamelika yote. Na katikati, imezungushwa kwenye gurudumu dogo, kulikuwa na kitu chekundu. Nikakivuta kwa kibano changu cha kutolea nyuzi.

Utepe. Una fundo. Nalijua fundo lile. Ni langu.

Yote yamerudi. Mochari, watu wengi, msafara unataka kuondoka, na kila gari limefungwa alama nyekundu au tawi, isipokuwa gari la marehemu mwenyewe. Nikaona aibu. Nikatoa utepe kwenye mkoba, nikaufunga kwenye antena iliyokuwa imepanda, katikati ya fimbo, kwa fundo la mshonaji, mara mbili, ukishavuta halifunguki mpaka wembe. Sikutaka upepo umvue Odera alama yake. Tulipofika nyumbani Okumu akazima redio kama mtu yeyote. Antena ikashuka, utepe ukanasa mdomoni, ukavutwa ndani, mota ikang'ang'ana hadi meno yakaisha. Kilichobaki nje kililiwa na jua na mvua. Cha ndani bado ni chekundu kama siku ile.

Ni mimi. Si mikono ya kukamua ng'ombe. Mikono hii.

Nyani haoni kundule. Nimelisema hilo kwa watu wangapi?

Ouma ameuliza ni nini hicho. Nimemwambia ni takataka. Nimemdanganya kijana wa watu, nimetia utepe kwenye mfuko wa aproni, nikamwambia aende akanywe chai.

Jumatano, 12 Novemba

Aibu haitengenezi gari. Tumeendelea.

Ouma kwenye redio, mimi juu na kamba mpya. Nikaingiza, akafungua, akazima. Mota ikanguruma, haikuvuta. Tena. Haikuvuta. Mara ya tatu Ouma akasema tukate waya, siku zimeisha. Nimemwambia akirudia neno hilo atashona vifungo vya sare zote.

Nikaichomoa kamba, nikaitazama kama nitazamavyo cherehani inayoruka mishono. Kwenye cherehani kitambaa hakivutwi na sindano, kinavutwa na meno ya chini. Meno yasipokigusa, utakanyaga hadi kesho. Kamba ilikuwa imenipa mgongo. Nikaigeuza, meno yakaelekea gurudumu. Ouma akazima redio.

Ikavuta! Ikaniponyoka vidoleni.

Kisha ikakwama karibu na mwisho, ile shubiri ya Bwana Yusuf. Nimetoa, nimepima, nimekata kwa mkasi wangu wa dukani, mkasi ambao tangu niununue haujakata kitu kisichokuwa nguo. Nikapaka fimbo mafuta ya cherehani. Juu. Chini. Juu. Chini. Mota ikaacha yenyewe.

Tumekaa kimya tunasikiliza. Hakuna mngurumo. Ouma amecheka peke yake. Amekiri kwamba hajawahi kutengeneza hata moja, zote amekata.

Alhamisi, 13 Novemba

Limewaka.

Ijumaa, 14 Novemba

Limewaka tena, ufunguo mara moja. Nimempigia mwenye lori nikamwambia apeleke miwa yake. Ameniuliza kama Okumu anajua. Nimemwambia atajua kesho.

Sare zimekwisha. Mizigo iko ndani. Naogopa kitu kimoja tu, na si gari. Utepe bado uko kwenye aproni. Ningeweza kuutupa, hakuna anayejua. Nimeshaushika mara mbili juu ya jiko.

Sijautupa. Sikushindana na kila mtu wiki mbili ili nije nimwogope shemeji.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimechoka, naandika machache. Nalala kwa mama mkwe.

Awendo, Rongo, Rodi Kopany. Halikukohoa hata mara moja. Wanaume walikuwa wamekaa chini ya hema wanangoja kuona kamba. Nilisimama langoni, hapo hapo aliposimama Odera, nikafungua redio kwa sauti ya juu. Antena ikapanda.

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakunisalimia. Akaitazama. Ilipofika mwisho akajifuta macho kwa kiganja, akageukia hema na kusema, wote wasikie, "Limekuja kwa miguu yake."

Ndipo akanisalimia.

Hakuna aliyesema neno juu ya gari siku nzima. Okumu amegawa nyama, amewapangia wageni viti, hakunitazama. Nimemtazama mimi. Utepe ulikuwa kwenye mkoba, na sikuutoa. Watu ni wengi, nilijiambia. Uongo. Mwaka jana watu hawakuwa wengi nilipomtukana?

Jumapili, 16 Novemba

Niko nyumbani Migori. Mvua ndogo.

Asubuhi watu wa boma walikuwa kwenye chai, wote, hata wajomba. Nikasimama. Nikaweka utepe mezani, nikasema kwamba nilimlaumu Okumu mwaka mzima, na kwamba aliyeharibu antena ni mimi, kwa utepe huu, kwa fundo hili. Nikasema nilimtukana hadharani, kwa hiyo nayasema hadharani.

Mama mkwe akaendelea kumenya kiazi.

Okumu akaokota utepe, akaupindua pindua. Akasema polepole, "Nilikuona ukifunga, nyar Karungu. Nilijua itanasa. Lakini siku hiyo, nani angekuambia fungua?"

Alijua. Nilipomtukana mbele ya watu alijua. Uani kwangu, ameshika antena, alijua.

Nikamwambia asante, neno dogo kama punje. Akasema bado anaona gari lilipaswa kubaki nyumbani. Nikamwambia bado naona ni langu. Akasema najua unavyoona. Kisha akaenda kunifungulia lango.

Njiani nilisikiliza mahubiri ya mtu mmoja tangu Rongo hadi hapa, sikushika hata neno. Nimefika, nimezima redio, nimesimama nyuma ya gari mvuani mpaka fimbo ikaingia yote. Utepe uko kwenye kopo la vifungo.

Kesho naanza kumshonea Okumu shati. Hajaomba, na akikataa ataona. Sikuhitaji kumpima. Nimekadiria mabega kwa macho alipokuwa akisukuma lango. Ni yale yale ya Odera.