Jangwani Watu Hawafichani Maji

Jumatatu, 15 Januari 2018. Blaine, Minnesota.

Theluji nyepesi tangu alfajiri, ya unga, isiyo na upepo. Shule zimefungwa kwa sikukuu na wajukuu bado wamelala. Nimekaa dirishani na chai yangu. Moyo hautulii, na sababu naijua.

Jana baada ya ibada, tukinywa chai ukumbini, Nyambura aliniomba ushauri. Ni muuguzi, Mkenya, anakaa Inver Grove Heights, na ananiita Mwalimu ingawa sikuwahi kumfundisha. Mwezi Machi, watoto wakifunga shule, anakwenda jangwani Moroko. Alisikia kwamba ujanani nilisoma Aljeria miaka mitatu, na kila likizo nilishuka kusini na malori ya tende.

Basi nikaeleza. Kwamba kutoka Marakeshi hadi kwenye mchanga ni safari ya kutwa nzima, na milima iko katikati, kwa hiyo asimwamini anayeahidi kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kwamba Machi ina upepo, na kinga ya upepo wa mchanga ni kitambaa kirefu cha kuzungusha kichwani na puani. Viatu vya kufunika vidole. Simu ndani ya mfuko wa plastiki. Chai ya wenyeji hutiwa sukari humohumo ndani ya birika, hivyo asiyetaka sukari aseme kabla haijachemka. Akisubiri bilauri imfikie, amechelewa.

Halafu baridi. Hapo nilikaa sana. Watu wa huku tunajidanganya kwamba tunaijua baridi. Tunaikimbia tu, kutoka nyumba yenye hita hadi gari lililowashwa robo saa kabla. Jangwani jua likizama mchanga hupoa haraka, na hemani hakuna wa kukuwashia gari. Nguo nzito ziende, hata kama mtu anaona aibu kufunga koti la Minnesota kwenye sanduku la kwenda Afrika.

"Mwalimu, na mtihani ni lini?" akauliza Nyambura. Wenzake mezani wakacheka. Chai zao zilikuwa zimepoa.

Nilikuwa nimesema dakika arobaini bila kumuuliza anasafiri na nani.

Anakwenda kukutana na mama yake. Mama huyo yuko Nyeri, ameomba viza ya kuja huku mara mbili na mara mbili amekataliwa. Hawajaonana miaka tisa. Wakaamua wakutane njiani, na mama ndiye aliyechagua jangwa. Amelima chai kwenye baridi maisha yake yote, anasema, na anataka mara moja tu kusimama mahali pasipo na kitu cha kupalilia.

Nyambura akampigia simu ili tusalimiane, akaniachia simu, akatoka kwenda kuwasha gari. Mlango ulipofungwa tu, mama akapunguza sauti.

"Ameenda?"

"Ametoka nje, mama."

"Sasa niambie wewe umekaa huko. Dawa ya kuweka kwa friji, kwa hema itakaa wapi?"

Nikauliza ni dawa gani. Insulini. Alianza kujidunga mwaka jana, na binti yake hajui.

"Akijua, hiyo safari imeisha," alisema. "Atanilaza kwa hoteli, anipime kila saa kama wale wazee wake wa kazini. Mimi nataka ngamia. Usimwambie, Mwalimu."

Nikasema sitamwambia.

Nilisema upesi mno. Aliuliza swali ambalo nilikuwa na jibu lake, na mimi nikiwa na jibu huwa sioni kitu kingine. Nikamweleza kwamba asiiweke kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, maana huko inaweza kuganda, wala kwenye buti la gari, itaungua. Ikae mkobani mwake. Mchana aitie kwenye mfuko usiopitisha maji, aufunge kwa kitambaa kilicholowa, autundike kivulini penye upepo. Maji yanapokauka huondoka na joto. Ndivyo kiriba cha ngozi ya mbuzi kinavyopoza maji kule kusini: kinatoa jasho, kama sisi. Na amuulize daktari wake dawa hiyo inavumilia joto kiasi gani na kwa siku ngapi.

Akashukuru. Nyambura akarudi akipuliza vidole.

Njiani kurudi nyumbani nikamkumbuka dereva mmoja wa malori yale. Kiriba chake kilikuwa kimetoboka, naye akaona haya kusema, akanyamaza tangu asubuhi. Tulipogundua, ilibidi msafara mzima ugeuze, na maji ya watu wanne tukayanywa watano. Hakuna aliyekufa. Lakini yule mzee aliyetuongoza hakumkaripia kwa kupoteza maji. Alimkaripia kwa kujua peke yake.

Nyambura anajua sukari ya kila mgonjwa katika zamu yake, ila ya mama yake hajui. Na mama akizidiwa juu ya ngamia, binti ataanza kutafuta sababu penye jua, wakati mimi niko hapa Blaine ninayo.

Na nilikuwa nimeahidi.

Jana jioni nikaandika orodha ya ushauri, nikamtumia Nyambura, nikamwomba amsomee na mama. Namba moja niliandika hivi: kabla ya kuondoka nyumbani, kila msafiri amtajie mwenzake dawa zote anazotumia. Maji nikayaweka namba mbili.

Asubuhi hii Nyambura ameandika: "Mwalimu, nimemsomea mama. Ameuliza kama namba moja ni lazima. Nikamwambia ukisema ni lazima, ni lazima. Akakata simu. Kuna nini?"

Nimemjibu kwa maneno mawili. Muulize mama. Katika miaka yote ya kufundisha sikuwahi kutoa maelezo mafupi hivyo, na sijui kama nimetunza ahadi au nimeivunja kwa adabu.

Saa nzima simu imekaa kimya. Nimefuta meza ambayo haikuwa chafu.

Sasa hivi umeingia ujumbe wa sauti, kutoka namba ya Kenya.

"Mwalimu, wewe ni mtu mbaya sana. Nyambura amelia, amenigombeza, amelia tena, halafu ametafuta kambi iko na friji. Ngamia bado iko. Lakini mimi friji ya watu siiamini. Hicho kitambaa, ni cha pamba ama sufu?"

Nitamjibu: pamba. Kwa nini pamba, nitajaribu nisieleze.